Kongamano la afya ya akili mtaani, tuliite jina gani watu wasikimbie?

BintiNgamiani
Wakuu habari za mchana, naombeni mawazo yenu maana nimekwama. Sisi ni akina mama wa kikoba hapa Tanga mjini, tuko 23, mwaka huu tumekubaliana faida tusigawane yote, tutoe laki tatu na nusu tufanye kongamano la siku moja wiki ya tarehe 10 Oktoba, ile siku ya afya ya akili duniani. Sababu ipo, mtaani kumetokea mambo mazito mfululizo na kila likitokea moja maneno ni yale yale, karogwa, kapandisha, mke mwenza ana mkono wake, basi linaishia hapo.

Sasa katibu wetu (mwalimu huyo, anapenda maneno) akaandika tangazo KONGAMANO LA AFYA YA AKILI NA UELEWA WA UTAMADUNI, tukabandika ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, daftari la kujiandikisha tukaliacha dukani kwa Mangi. Siku ya tatu naenda kuangalia, majina 11, na 9 ni sisi wenyewe 😅 Chini ya tangazo mtu kaongezea kwa kalamu ya bluu "gari la Lutindi litakuwepo nje", ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Na mzee mmoja wa barazani akaniuliza, hivi mwanangu mnataka kutupima kama tuna wazimu?

Nacheka ila inauma. Tuliite nini? Na je tuwaite shehe, mchungaji na mganga au ndo tutaharibu kabisa?

Nesi_wa_Zamu
Bi mkubwa tatizo lako ni hilo neno AKILI. Mtu wa kawaida ukimwambia afya ya akili anasikia kichaa, mtu aokotaye makopo. Mie nipo kliniki ya wagonjwa wa akili mwaka wa tisa, sijawahi kumwona mgonjwa anaingia anasema "nesi nina sonona". Sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, ni neno la vitabuni na la semina. Watu wanasema hivi: silali. Kichwa kinawaka moto. Mwili wote unauma na vipimo vyote nimepima sina kitu. Moyo unaenda mbio. Nina mawazo. Hayo ndo majina ya ugonjwa, andikeni hayo.

Halafu wekeni kipimo cha presha na sukari mlangoni, bure. Mtanzania hapiti kipimo cha presha cha bure bila kupanga foleni. Akikaa pale mkono umefungwa mpira, ndio unamuuliza taratibu, mama usingizi unapata? Kula unakula? Kuna jambo linakukaa rohoni? Utashangaa, wengine machozi yanatoka kabla mashine haijamaliza kusoma.

Na msisahau kifafa, watu wa kifafa dawa zao wanachukulia kwetu sisi na mtaani bado wanaamini ukigusa lile povu unaambukizwa, mtoto anaachwa aungue jikoni watu wanaangalia. Hilo peke yake linatosha kuitisha mkutano.

Ya Lutindi usinune, Wajerumani walianza kupokea wagonjwa kule milimani Korogwe tangu 1904, utani wenyewe una zaidi ya miaka mia 😂

Mzee wa Kijiwe
Makongamano ni posho tu. Banner, maji ya chupa, mgeni rasmi kachelewa masaa matatu, akija anasema "afya ya akili ni muhimu", picha ya pamoja, tumetoka. Hizo laki tatu na nusu mngekopesha kijana mmoja apate mtaji mawazo yanaisha yenyewe.

BintiNgamiani
Mzee wangu mgeni rasmi hatuna, na maji ni ya mtungi. Kijana wa mwisho tuliyemzika alikuwa na bodaboda yake mwenyewe, kamaliza mkataba mwezi wa pili.

Mzee wa Kijiwe
Basi nisamehe mwanangu. Poleni.

Kidongo_Unguja
Mie nakujibu hilo la mashehe na waganga maana limetupata nyumbani. Hapa kwetu Zanzibar hospitali yenyewe ipo Kidongo Chekundu na jina la mahala limeshakuwa tusi, watoto skuli wanaambiana "wewe wa Kidongo Chekundu". Kaka yangu alivyoanza kusema peke yake usiku, mama khasa hakutaka kusikia hospitali. Tukaanza na kisomo, tukaenda kwenye kombe, unaona sahani nyeupe imeandikwa aya kwa zafarani inakoshwa kwa maji ya waridi anakunywa, tukaenda kwa mganga akasema huyu ana ruhani anataka ngoma, tukacheza ngoma siku mbili, mbuzi, ubani, pesa zote za karafuu zikaishia hapo. Miaka miwili. Na nisiseme uongo, kisomo kilikuwa kinamtuliza, alikuwa analala siku ile.

Aliyetuvusha si daktari, ni shehe. Alimwambia mama mbele yetu, "mie nitaendelea kumsomea, na sindano nayo achomwe, vyote vya Mungu." Mama akakubali siku ile ile. Kwa hiyo waite, ila usiwakutanishe siku ya mkutano mbele za watu, watabishana kila mtu alinde heshima yake. Wakalishe wiki moja kabla, wao na nesi, chai ya maziwa na mikate ya kumimina, mkubaliane mambo machache: hakuna kufunga mtu minyororo, hakuna kumwachisha mtu dawa, na mtu asiyelala siku nne au anayesema anataka kufa hapelekwi kwa mganga kwanza.

Na nyie wa hospitali nanyi mjifunze. Kaka alipoanza zile sindano shingo ikakakamaa, mate yanatoka, mama akasema haya ndio majini yamekasirika, tukaacha dawa miezi mitatu. Baadae ndo tukaja kujua kumbe kuna kidonge cha kuondoa ule ukakamavu, kipo siku zote, ila hakuna aliyetwambia. Nesi tuliyemuuliza alicheka aliposikia habari ya ruhani. Mama hakurudi tena kwa yule.

Nesi_wa_Zamu
Nimeisoma mara mbili hii. Kweli tunacheka, na hatuelezi madhara ya dawa kwa sababu foleni ni ndefu. Nimechukua.

Mkilifi_Asli
Dada pole. Nikiwa hapa Kilifi naongezea moja tu, msipitishe maiki mkaambia watu wajieleze mbele ya mtendaji na polisi jamii. Huku Kenya mpaka juzi juzi mtu akijaribu kujitoa uhai akapona alikuwa anashtakiwa, kifungu cha 226, ndio Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kinapingana na katiba. Kwenu nyinyi bado ni kosa la jinai. Sasa mtu atasimama aseme aliwahi kujaribu na mtendaji kakaa mstari wa mbele? Hasemi, au akisema mumemuuza. Ongeeni wawili wawili pembeni.

Wazimbabwe ndio walionifurahisha, pale Harare daktari Dixon Chibanda alianza 2006 na mabibi 14 wa mtaani, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati wanasikiliza watu. Na hawakutumia neno la kidaktari, walichukua neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Si ndio yale yale ya Nesi, nina mawazo?

Mzee wa Kijiwe
Nimerudi. Wanaume hawatakuja ukumbini hata mkiita jina gani, mtajaa nyinyi akina mama. Nesi mmoja aje kijiweni saa kumi na moja jioni, anunue kahawa na kashata, asivae gauni jeupe, asianze na hotuba. Akae tu. Bao likiisha mtu atamfuata.

BintiNgamiani
Asanteni sana jamani. Tumekaa jana usiku. Barua ya mtendaji itabaki na "kongamano" maana katibu amegoma kabisa, ila tangazo tumebandua. Jipya limeandikwa: HULALI? UNA MAWAZO? NJOO TUONGEE. PRESHA NA SUKARI BURE. Shehe na mchungaji wamekubali kukaa na nesi Jumatano, mganga kasema atafikiria. Kijiweni tutaenda, kahawa juu yetu mzee wangu.

Na leo asubuhi Mangi kanipigia, kuna mama kaja dukani hakutaka kuandika jina, kauliza tu presha inapimwa saa ngapi na kama anaweza kuja na mumewe, hasemi na mtu tangu Ramadhani.

Nesi_wa_Zamu
Tangu Ramadhani? Huyo asingoje Oktoba. Mtafute mama wa watu leo hii, kesho asubuhi amlete, aje na kanga na chupa ya uji maana foleni kweli ipo. Nicheki inbox nikwambie dirisha gani.