Mjadala: Kiangazi Tabora, nani akingwe kwanza na ozoni?

Mleta mada, Isevya
Kiangazi kikishika, mapori ya miombo yanachomwa, matanuri ya mkaa na matofali yanawaka mfululizo. Gesi za moshi huo, pamoja na za magari na bodaboda, zikipigwa na jua kali zinazaa ozoni, hewa isiyoonekana inayochubua njia za pumzi. Kwa kawaida hupanda kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni, saa zilezile za michezo ya wanafunzi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa nane. Hoja yangu: shule zihamishie michezo asubuhi, kwa kuwa watoto ndio walio hatarini zaidi. Mapafu yao bado yanakua, na kwa kila kilo ya uzito wanavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Karibuni.

Mdau wa Urambo
Napinga hapo kwenye "zaidi". Mtu mzima akikaa tu anavuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikata magogo na kupanga tanuri anafika 40 na kuzidi, na kazi hiyo ni ya kutwa. Mtoto anacheza saa moja na nusu.

Kuna jambo baya kuliko hilo. Siku za mwanzo kibarua anakohoa na kifua kinambana akivuta pumzi ndefu. Baada ya siku nne au tano dalili zinapungua, naye anaamini amezoea. Hajazoea. Uvimbe ndani ya njia za hewa unaendelea, ila mwili umeacha kupiga kelele. Wazee nao ni hivyohivyo: hawahisi sana kama vijana, lakini ozoni ikipanda vifo huongezeka zaidi kwao. Tukisubiri mtu alalamike ndipo tumkinge, tutawakosa hawa wote.

Mchangiaji wa Ipuli
Si wavae barakoa tu?

Mdau wa Urambo
Barakoa ya kitambaa, hata ile ya vumbi, inazuia chembe. Ozoni ni gesi, inapita. Kinachosaidia ni kuingia ndani, maana ozoni huvunjika ikigusa kuta na vitu vya nyumbani. Lakini usiingie kwenye jiko la kuni linalofuka. Hapo umeruka majivu umekanyaga moto.

Mhudumu wa afya, Nzega
Ndugu zangu, mnashindanisha umri na kazi huku mwenye pumu mmemsahau. Huyu, awe mtoto au kibarua, ndiye wa kwanza kwangu. Dawa ya kuzuia uvimbe avute kila siku kama alivyoandikiwa, asingoje kubanwa. Ya kufungua kifua aiweke mfukoni.

Kwa mtoto asiyeweza kuvuta dawa moja kwa moja kutoka kwenye kopo lake, chupa ya maji ya mililita 500 inatosha kumvutishia. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke bila kuifuta, ili dawa isinate kwenye kuta zake. Toboa kitako kwa umbo la mdomo wa kopo la dawa, pakae bila kuvuja. Tundu likiwa kubwa dawa inatoroka. Tikisa, bonyeza mara moja, mtoto avute pumzi 5 au 6 kupitia mdomo wa chupa, ndipo urudie. Akishindwa kumaliza sentensi, mkimbizeni hospitali, mkiendelea kumpa dawa ya kufungua kifua njiani.

Mdau wa Kaliua
Na mleta mada, "asubuhi" ipi? Alfajiri ya kiangazi hewa ya baridi hukandamiza moshi wa usiku chini. Ukipeleka watoto mchakamchaka saa kumi na mbili, umewatoa kwenye ozoni ukawatia kwenye chembe za moshi. Bora saa tatu hadi saa tano: moshi umeanza kutawanyika, ozoni haijapanda. Tena msinunue vipimo vya hewa vya bei poa kwa pupa. Vingi huchanganya ozoni na naitrojeni daioksaidi, gesi nyingine ya moshi, na unyevu huvipotosha. Visipolinganishwa kwanza na kipimo cha maabara, namba zake zitatuponza.

Mleta mada, Isevya
Hoja ya saa nimeipokea. Pendekezo nalibadilisha: michezo saa tatu asubuhi, vipindi vya darasani mchana, mchakamchaka usimame siku moshi unapoonekana. Wenye matanuri wapange magogo kabla ya saa sita. Mwenye pumu apumzishwe michezo siku ya moshi bila kudaiwa cheti. Ila kwamba kibarua amtangulie mtoto, bado nakataa: mtoto hachagui saa ya kutoka nje, anapangiwa na sisi.

Mdau wa Urambo
Na kibarua anapangiwa na tajiri. Hapo hatujamalizana.