Siku mbili Maskati na mama: Msikiti Mkuu, Mutrah, Makumbusho au Wadi Shab?

BintiVuga (Unguja)

Assalaam alaykum. Mwezi wa Disemba nampeleka mama Dubai kwa kaka yangu, na tumepata ndege inayopitia Maskati. Nimeona badala ya kushinda uwanjani tushuke kabisa. Tunafika Alhamisi alfajiri, tunaondoka Ijumaa usiku. Mama ana miaka 68. Magoti yanamuuma, ngazi ni adhabu kwake, ila penye tambarare anakwenda taratibu bila fimbo.

Tangu udogoni mama anaisikia Maskati. Halua ya Maskati, ubani wa Maskati, fulani kahamia Maskati baada ya 1964 na hajarudi. Mji wenyewe hajawahi kuuona, na safari nyingine huenda isipatikane. Kwa hiyo sitaki kukosea.

Nilivyoviandika ni hivi: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, soko la Mutrah, Makumbusho ya Taifa pamoja na kasri ya Al Alam, nyumba ya opera, na bonde la Wadi Shab ambako binamu yangu anasema asiyefika huko hajafika Oman. Vyote haviingii katika siku mbili. Nyinyi mngechagua vipi?

Pwani_Safari (Mombasa)

Waalaykum salaam dada. Mimi nasimama na binamu yako. Unatoka Maskati alfajiri kuelekea mji wa Sur, barabara ni nzuri mno, kushoto bahari, kulia milima mikavu isiyo na jani. Kama kilomita 140 hivi unafika Tiwi. Unavushwa kwa boti ndogo, halafu unatembea kwenye mawe katikati ya magenge marefu, na chini yako maji ya kijani na mitende. Mwisho unaogelea kutoka dimbwi hadi dimbwi, unapenya ufa mwembamba ambao kichwa ndicho tu kinapita juu ya maji, unatokea pangoni kwenye maporomoko. Sijaona kitu kama hicho maishani mwangu.

Ukiona mama hataweza, mwache kwenye kivuli pale chini, wewe nenda. Wakati wa kurudi mpitieni Bimmah, lile shimo kubwa la maji ya feruzi. Huko ni karibu na barabara.

MkaaziRuwi (Maskati)

Pwani_Safari, Wadi Shab ni pazuri kweli, sibishani. Lakini mtu wa miaka 68 hakutoka Unguja aje kukaa chini ya daraja la barabara kuu saa tatu akimsubiri mtoto. Kule kutembea tu ni dakika arubaini na tano kwenda, mawe yanateleza, na maji ya kuogelea ni baada ya hapo. Bimmah nako maji yako chini shimoni, yanafuatwa kwa ngazi ndefu. Na mvua ikinyesha milimani, wadi hujaa ghafla hata kama juu yako mbingu ni nyeupe. Kila mwaka kuna watu wanachukuliwa na maji katika mabonde ya nchi hii. Huko aende kijana mwenye siku nzima na afya yake.

Dada BintiVuga, nimeishi hapa miaka 19 na wageni wa kutoka nyumbani nimewapokea wengi. Nisikilize kidogo.

Kwanza ujue Maskati si mji wa duara. Ni mrefu kama utepe, umebanwa kati ya bahari na milima. Uwanja wa ndege uko upande wa Seeb. Ukielekea mjini unakutana kwanza na Msikiti Mkuu, kisha Qurum yenye opera na pwani, kisha Ruwi, kisha Mutrah, na mwisho kabisa Maskati yenyewe ya zamani yenye kasri na makumbusho. Mtu akirukaruka huku na kule siku yake inaishia kwenye teksi. Fuateni utepe.

Pili, angalieni saa. Maduka mengi hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena kama saa kumi jioni. Ijumaa asubuhi mji umelala. Kwa hiyo Mutrah ni Alhamisi jioni, si Ijumaa asubuhi.

Ushauri wangu: Alhamisi mpumzike asubuhi, jioni Mutrah. Ijumaa mkasali jumaa Msikiti Mkuu, kwani nyinyi ni Waislamu na hakuna wa kuwazuia. Opera iacheni. Jengo zuri, marumaru nyeupe, lilifunguliwa 2011, lakini asiyeingia kwenye onyesho ataona ukumbi na kuondoka.

UmmuNasra (Seeb)

Kaka MkaaziRuwi, yote umesema vyema isipokuwa hilo la jumaa, na hili ni kubwa kwa mama wa watu.

Wanawake wana ukumbi wao pale msikitini, wa watu 750. Mzuri, mtulivu, nimesali humo mara nyingi. Lakini lile zulia na ile taa ambavyo dunia nzima inavizungumzia viko ukumbi mkubwa wa wanaume. Mama akienda wakati wa swala ya jumaa atasali upande wake na ataondoka bila kuviona. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo shangazi yangu alipotoka Wete, na mpaka leo naona uchungu, kwa sababu aliniuliza, "Zulia lenyewe ndilo lipi?" na tayari tulikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

Mwanamke akitaka kuuona ukumbi mkubwa, aende saa za wageni, saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Ijumaa saa hizo hazipo. Maana yake kwenu ni Alhamisi asubuhi, nafasi moja tu. Na kwa kuwa mnafika alfajiri na msikiti uko njiani kutoka uwanjani, inawaangukia vizuri.

Ni kitu gani mtakachokiona? Zulia moja, kipande kimoja, mita 70 kwa 60, tani 21. Lilifumwa Iran na wanawake 600 kwa miaka minne, mafundo bilioni 1 na milioni 700. Juu yake taa ya mita 14. Msikiti umejengwa kwa mawe ya mchanga kutoka India na ulifunguliwa 2001. Huhitaji kujua hesabu hizi ili uguswe, lakini mweleze mama habari za hao wanawake 600 kabla hajaingia. Anayejua ushonaji wa kofia ataelewa mara moja maana ya fundo moja moja.

Ua ni mkubwa na marumaru inang'aa jua. Avae miwani ya jua, viatu vya kuvua haraka, na muende mapema kabla mabasi ya watalii hayajafika.

MkaaziRuwi (Maskati)

Ahsante dada UmmuNasra. Mwanaume hawezi kuliona hilo asipoambiwa. Nabadilisha: Alhamisi asubuhi msikitini.

MwalimuTanga (Tanga)

Naomba niyatetee Makumbusho ya Taifa, naona yanapitwa haraka.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilikwenda 2019 na nilisimama mahali pamoja kwa muda mrefu, katika uwanja ulio kati ya makumbusho na kasri ya Al Alam. Ukitazama kuelekea bahari, kasri iko katikati, na kila upande kuna ngome juu ya mwamba: Al Jalali na Al Mirani. Wareno ndio waliozijenga kwa sura hiyo miaka ya 1580, na miaka michache baadaye, 1593, wakaanza Fort Jesus ya Mombasa. Mfalme mmoja, bahari moja, woga mmoja. Imam Sultan bin Saif akawatoa Maskati mwaka 1650. Waomani hawakuishia hapo, wakawafuata hadi kwetu, na Fort Jesus ikaanguka 1698. Kisha Sayyid Said akaona Unguja inamfaa zaidi kuliko mji wa baba zake na akahamishia makao yake huko. Yote hayo yako mbele ya macho yako bila kupanda ngazi hata moja. Ngome nilizitazama kutoka nje na zilinitosha.

Makumbusho yenyewe yalifunguliwa 2016. Ndani ni baridi, sakafu tambarare, kuna lifti, kuna mahali pa kukaa. Kwa mtu wa magoti mchana wa jua hakuna pahali bora zaidi. Nendeni moja kwa moja kwenye historia ya bahari, mama ataona majahazi na mishono yake na atayajua kabla hajasoma maandishi. Kwenye vito vya fedha na majambia pia msipite mbio. Vyumba vingine mnaweza kuviacha. Saa za kufungua angalieni kwenye tovuti yao wiki hiyo hiyo.

Pwani_Safari (Mombasa)

Mwalimu, nimepita mbele ya zile ngome mara mbili na sikuwahi kuziunganisha na Fort Jesus, nami nimezaliwa Kibokoni, Fort Jesus naiona kila siku. Nimejifunza.

Dada, narudisha Wadi Shab mfukoni. Lakini usikose bahari kabisa. Ijumaa asubuhi mji ukiwa umelala, tembeeni ile njia ya kando ya bahari Mutrah. Ni tambarare, ina mabenchi, na mwisho wake kuna chetezo kikubwa mno cheupe juu ya kilima cha Riyam. Mama ataking'amua kwa mbali.

MkaaziRuwi (Maskati)

Naam, na hapo hapo Mutrah kuna soko la samaki, jengo jipya la 2017 lenye paa la mistari linalotupa vivuli sakafuni. Nendeni mapema. Nguru, jodari, changu, majina atayajua yote, bei ndiyo itakayomshtua.

Sasa niseme kuhusu soko la Mutrah, maana ndilo nililotaka kulisemea tangu mwanzo. Wenyeji wa zamani hulijua kwa jina la soko la giza, kwa sababu vichochoro vilikuwa vyembamba na jua halikupenya. Siku hizi paa ni la mbao na taa zimejaa. Mlango wa mbele, unaoelekea bahari, umejaa vitu vya watalii: shali za kiwandani, ngamia wa plastiki, manukato ya chupa za rangi. Msinunue hapo. Ingieni ndani zaidi, njia inapanda kidogo sana, mpaka mfike wanakonunua Waomani wenyewe. Huko kuna kofia, vitambaa, fedha ya zamani, udi, na wazee wanaokaa vizingitini.

Ubani: muulize muuzaji hojari, ule wa mkoa wa Dhofar. Ulio bora ni mweupe wenye ukijani kidogo na unapitisha mwanga, wa kahawia ni wa bei ya chini. Mwambie auchome kidogo mbele yako. Bei ijadilini bila haraka, hata kwa kahawa.

Na mwambie mama azungumze Kiswahili kwa sauti ya kawaida. Asinong'one. Watu wengi waliozaliwa Unguja, Pemba na Mombasa walirudi Oman miaka ya sabini baada ya Sultan Qaboos kuwaita, na watoto wao wanakisema mpaka leo. Nimewaona wageni wakisimamishwa sokoni kwa sababu mtu kasikia "njoo uone huku". Hapo ununuzi unasimama, zinaanza habari za mtaa gani, nani mwanawe nani.

Kipepeo22 (Dar es Salaam)

Swali dogo. Kwa kuwa wanaendelea Dubai, je Maskati haitamchosha? Nasikia hakuna kitu, nyumba fupi tu.

UmmuNasra (Seeb)

Hizo nyumba fupi ndizo zenyewe, mdogo wangu. Hapa majengo marefu hayaruhusiwi kiholela, rangi nyingi ni nyeupe au za mchanga, na milima inaonekana kutoka kila mtaa. Maghorofa atayaona Dubai wiki nzima. Jioni ya Maskati, adhana zikipokezana kutoka pande zote za milima na moshi wa mishkaki ukiwa barabarani (nao wanaiita mishkak, karibu sawa na sisi), hiyo Dubai hataipata.

BintiVuga (Unguja)

Nimewasoma wote mara mbili, na mama nimemsomea. Tumekubaliana hivi. Alhamisi kutoka uwanjani moja kwa moja Msikiti Mkuu, kisha hotelini Mutrah alale. Jioni sokoni. Ijumaa asubuhi samaki na njia ya bahari, mchana apumzike, baada ya hapo mji wa zamani, na makumbusho kama saa zao za Ijumaa zitaturuhusu. Mwalimu, zisiporuhusu tutasimama kwenye uwanja wako kati ya ngome mbili. Opera na Wadi Shab nimezifuta.

BintiVuga (Unguja)

Tumerudi jana, alhamdulillahi. Nawapa habari kwa ufupi.

Msikitini mama aliomba akae chini pembeni ya ile njia ya wageni. Mlinzi alimletea kiti. Alilitazama zulia kimya karibu nusu saa, kisha akaniuliza wale wanawake 600 waliambiwa linakwenda wapi wakati wanalifuma. Sikuwa na jibu.

Makumbusho tuliyapata Ijumaa alasiri, saa moja na nusu tu. Kwenye majahazi aliyenieleza ni yeye, si maandishi. UmmuNasra, ningefuata ule mpango wa jumaa angeikosa asubuhi ile yote ya zulia. Mungu akulipe.

Sokoni tulifika ndani kabisa kama alivyosema kaka MkaaziRuwi. Kweli alisimamishwa. Bi mkubwa mmoja muuza udi alimsikia akilalamikia bei, akauliza, "Wewe wa Vuga au wa Malindi?" Walikaa mpaka isha. Nilikwenda kununua maji mara mbili na kurudi, bado wanahesabu majirani.

Hojari tumenunua robo kilo. Yule bi mkubwa alimwambia mama auloweke usiku anywe asubuhi, lakini kwa yale mazungumzo mama hakumbuki kama maji yawe moto au baridi. Anauliza.

MkaaziRuwi (Maskati)

Ya kawaida tu, yasiyo moto. Punje tatu nne safi kwenye kikombe, afunike, asubuhi yatakuwa meupe kama maziwa mepesi. Punje zenyewe asizitupe, azichome jioni zikikauka. Na mpe salamu zangu.