Rupia zilizookotwa kwa detekta: ni za aliyeziokota, za mwenye shamba au za Taifa?

Mkulima wa Tumbaku (mwanzisha mada):
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwezi uliopita jamaa mmoja alikuja na detekta (mashine ya kutafutia metali ardhini) kwenye shamba la marehemu babu, upande wa Tabora. Tukakubaliana nusu kwa nusu. Siku mbili nzima tuliokota visoda, misumari, vipande vya bati na ganda moja la risasi. Siku ya tatu, chini ya mwembe uliokauka, mashine ikatoa mlio mwembamba, safi. Tulichimba kama shibiri moja tu: rupia saba za fedha, sarafu za enzi za Mjerumani, ya zamani kabisa ya 1890, ya mwisho 1911, zote na Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani na kofia yake ya chuma yenye tai juu.

Tangu hapo familia haielewani. Baba mdogo anataka ziuzwe wiki hii hii. Shangazi anataka zipelekwe makumbusho. Mimi swali langu ni pana zaidi: hawa wenye detekta waachwe, wapigwe marufuku, au wasajiliwe? Naona wasajiliwe, na anayetoa taarifa alipwe. Naomba kuwasilisha.

Fundi Redio:
Kabla ya sheria, tusafishe habari za mashine, maana watu wanaliwa. Detekta inatuma mawimbi ya sumaku ardhini na metali iliyozikwa hujibu. Fedha hupitisha umeme kuliko metali zote, ndiyo sababu mlio wake uko juu. Lakini kisarafu cha upana wa milimita 30 kikishapita sentimita 30 kwenda chini, detekta ya kawaida hupata shida kukisikia, na udongo mwekundu wenye chuma huivuruga zaidi. Anayekuuzia kifaa cha kuona sanduku mita 20 chini anakuuzia antena na taa. Na hizo rupia zinazosemwa zina nguvu za ajabu, "zinazovuta mchele", ni utapeli mtupu. Rupia ni gramu 11.66 za fedha ya asilimia 91.7, kilichobaki ni shaba. Hakuna zebaki humo, wala jini.

Sululu:
Shamba la babu, jasho lako, serikali inaingilia wapi? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazungumzia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Hizo zako zimeanza 1890. Uza mkuu, shangazi atanyamaza akiona mafungu.

Binti wa Wete:
Kaka Sululu, hiyo 1863 si ruhusa, ni tundu kwenye sheria. Na ukizoea kuchimba, leo ni rupia, kesho ni nini? Kwetu Pemba, mwaka 1984, wanaakiolojia walipata pale Mtambwe Mkuu hazina ya sarafu zaidi ya 2,000. Karibu zote ni vijisarafu vyepesi vya fedha vyenye majina ya watawala wa huku huku pwani, karne ya kumi na ya kumi na moja. Havina tarehe. Ndani yake mlikuwa na dinari chache za dhahabu za Wafatimi (watawala wa Kiislamu wa Misri), na hizo ndizo zilizosaidia kujua vile vya fedha ni vya lini. Sasa mpe detekta mtu mwenye njaa. Dhahabu ingefika kwa sonara kabla ya magharibi, fedha ingefuata kwa kilo, na leo ungeambiwa Waswahili hawakuwahi kutengeneza sarafu zao wenyewe. Mimi nasema marufuku.

Mkulima wa Tumbaku:
Dada, hoja ya dinari imenigusa. Ila ukimfukuza mwenye detekta mchana, atarudi usiku na sululu (si wewe, mkuu). Kule Hoxne, Uingereza, mwaka 1992 mtu alikuwa anamtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea. Akakuta hazina ya Kirumi, sarafu za fedha peke yake zikiwa zaidi ya 14,000. Aliacha kuchimba, akatoa taarifa, wataalamu wakatoa kilichobaki kwa utaratibu. Alilipwa pauni milioni 1.75 akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, iko makumbusho! Sheria yao ya 1996 inampa mwokotaji siku 14 za kutoa taarifa. Mtu akijua atalipwa, kwa nini ayeyushe?

Sululu:
Uingereza wanalipa. Hapa utapewa cheti na mkono wa pongezi.

Mzee wa Reli:
Marahaba vijana. Mnabishana juu ya hizi zinazoitwa "mali za Mjerumani" kama vile alizisahau yeye. Mjerumani aliweka kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, rupia tatu kwa nyumba huko vijijini. Asiyekuwa nazo alikwenda kuzifanyia kazi. Na kwa mtu wa kijijini, benki ilikuwa mtungi au shina la mti. Rupia saba si sanduku la jeshi, mjukuu wangu. Ni kodi ya miaka miwili na moja ya akiba. Aliyezika hapo alikuwa anamkwepa mtoza kodi au anamsubiri. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni za Taifa, ulizeni mwembe ule aliupanda nani.

Mkulima wa Tumbaku:
Shikamoo mzee. Nimemsomea shangazi maneno yako kwa simu. Amekaa kimya kidogo, halafu akasema mwembe aliupanda baba yake babu, aliyekuwa mpagazi wa kupeleka mizigo Bagamoyo. Rupia ziko kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda cha shangazi. Jamaa wa detekta anapiga simu kila siku kuulizia nusu yake, na baba mdogo hatusemeshi.