Yule jamaa mnayemjua amenusa kava la kamera yangu mbele za watu. AMENUSA!

Mwana_Zenit:

Wakuu, salamu baadaye. Mikono bado inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe.

Leo asubuhi tulikuwa Feri, soko la samaki, sisi wa kamera za mkanda, zile za filamu. Na yule jamaa alikuwepo. Simtaji, mnamjua. Yule wa kizibao cha mifuko mingi, ambaye kabla hajakusalimia anakuuliza unatumia lenzi gani. Huyo huyo.

Nimesimama zangu, Zenit-E iko shingoni ndani ya kava lake la ngozi la kahawia, lile gumu la kiwandani. Nafungua kifungo cha mbele nimpige picha mzee mmoja anapara kolekole. Mwanga mzuri, magamba yanaruka, kila kitu kimekaa. Jamaa akaja kwa ubavuni. Hakuna shikamoo, hakuna samahani. Akalikamata kava, akalivuta hadi usoni kwake, na mimi ikabidi niifuate shingo yangu. AKANUSA. Pumzi moja ndefu. Akafumba na macho.

Halafu akawageukia watu: "Mdogo wangu, hii inanuka kama kiatu cha shule kilicholala mvuani. Ivue kamera hilo koti, inakufa humo."

Watu wakacheka. Muuza pweza akacheka. Mzee wa kolekole akaweka kisu chini ili acheke vizuri, na picha yangu ikaishia hapo. Nina uhakika hata kolekole alicheka.

Sasa nauliza. TUKO FERI. Kuna ngisi, kuna dagaa, kuna maji ya barafu ya juzi yanapita kwenye vidole vya miguu. Katika harufu zote zilizopo pale tangu dunia iumbwe, mtu mzima na ndevu zake ameona kinachonuka ni kava LANGU?

Na mwenye kizibao cha mifuko kumi na tano kwenye jua la Dar ndiye wa kunisema mimi kuhusu makoti?

Hilo kava lilizaliwa na kamera yake. Limetoka nayo Krasnogorsk, kando ya Moscow, enzi za Muungano wa Kisovieti. Baba mdogo alikwenda kusoma kule akarudi na shahada, Zenit na hilo kava. Na asiyejua ajue leo: Zenit-E haina masikio ya kufungia kamba. Haina! Kamba ya shingoni imeshonwa kwenye kava. Nikilivua, dude la karibu kilo nzima nilibebe kwa meno?

Lakini wala siyo hoja ya kava. Angesema tu, ningemjibu. Angeligusa, ningevumilia. Mtu amenusa. Na amefumba macho, wakuu, kwa raha zake, mbele ya watu ambao Jumapili ijayo nitakutana nao tena.

Sijaja kuuliza kava livaliwe au lisivaliwe. Nimeshaamua. Nimekuja mnipe haki yangu.

PwezaMkavu:

Nimefika kwenye "akafumba na macho" nikaweka simu chini nikatoka nje kwanza. Pole mkuu. Ila hujasema, linanuka au halinuki?

Mwana_Zenit:

Linanuka NGOZI. Ni ngozi! Ulitaka linuke vanila?

KambiPopote:

Nimeweka kambi hapa. Karanga ninazo.

Shangazi_wa_Tanga:

Pole mwanangu. Kunusa ni utovu wa adabu na mamake angesikia angemchapa. Ila pua yake haikudanganya.

Ngozi inakunywa unyevu na haiuachii upesi. Humo ndani kuna giza, hewa haitembei, na huku pwani unyevu upo mwaka mzima. Fangasi hawahitaji mwaliko zaidi ya huo. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 na kitu kwa muda, wanaanza. Mwanzo ni vijiuzi vyeupe pembeni mwa kioo, huvioni mpaka umulike kwa tochi. Wanatoa asidi, wanakula ule utando wa juu wa lenzi, na ukizembea wanachora kioo chenyewe. Hapo hakuna fundi tena. Hiyo lenzi yako ya Helios uliimulika lini?

Tazama pia vifungo vya shaba vya hilo kava. Vikiota ukijani, ujue ngozi na shaba zimeanza kulana.

Ukitoka, ivalishe. Ukirudi, kamera ikae nje ya kava, kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, utie na vile vipakiti vya kwenye viatu vipya. Vikishashiba unyevu badilisha, vilivyochoka havisaidii kitu.

Mwana_Zenit:

Shangazi na wewe uko upande wake?

Shangazi_wa_Tanga:

Niko upande wa lenzi.

FundiGerezani:

Mimi nilikuwepo Feri na nitasema ukweli wote.

Kwanza nimtetee mleta uzi. Ile mita ya kupima mwanga ya Zenit-E haitumii betri, inajiendesha kwa seleniamu, kile kidirisha cha kioo pale juu mbele. Zinazonifikia mezani zikiwa zimekaa ndani ya kava, nyingi mita zake bado zinacheza. Zilizokaa wazi kabatini, mshale umelala. Mafundi wengi watakwambia hivyo hivyo. Hapo kava limefanya kazi.

Sasa ukweli mwingine. Kwenye kava hilo huwezi kubadilisha mkanda bila kutoa kamera nzima. Ulipomaliza picha zako 36 ulikaa kwenye kreti la samaki, ukafungua skrubu ya chini, ukatoa kamera, ukaweka kava mapajani. Kava likateleza. Likaingia kwenye beseni la maji ya pweza. Nilikuona. Ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia, ukalipangusa kwenye suruali.

Na harufu hiyo unamsingizia Mrusi?

PwezaMkavu:

😂😂😂 Sasa jina langu limeingiaje humu

KambiPopote:

Karanga zimeisha, naomba aliye karibu anipitishie.

Mwana_Zenit:

KAVA LILIANGUKA BAADA YA KUNUSWA! Baada! Msigeuze mfuatano wa matukio!

FundiGerezani:

Basi lilinuka kabla na baada. Umetusaidia.

MtuWaWetzlar:

Hizi shida za Zenit mimi nilishaziaga. Nina Leica M3, na nimeivalisha nusu kava, la chini tu, linafunika tumbo na kuacha uso wazi. Mkono unashika vizuri, hakuna kidevu cha ngozi kinachoning'inia mbele ya lenzi ukigeuza kamera wima. Ngozi ya Italia.

Mwana_Zenit:

Na mkanda ukiisha?

MtuWaWetzlar:

Leica za M mkanda unaingilia chini, kwa hiyo unafungua nusu kava kwanza, halafu sahani ya chini, halafu unapachika mkanda. Ukishazoea ni dakika chache.

PwezaMkavu:

Kwa hiyo umelipia ngozi ya Italia ili upate mlango wa pili juu ya mlango wa kwanza. Hongera mkuu.

Wa_Maskati:

Yakhe, huku kwetu joto nje, baridi ndani. Ukitoa kamera kwenye gari lenye kiyoyozi ukaitia kwenye joto la Mutrah, lenzi inavaa ukungu papo hapo. Miye huiacha ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto polepole, ndiyo nifungue. Kwa hiyo lina kazi yake. Lakini kunusa cha mtu? Sijasikia tangu nizaliwe.

Mwana_Zenit:

ASANTE. Mtu mmoja mwenye akili. Alinusa, kaka. Na alifumba macho.

Nairobi_Mkanda:

Wadau, hapa kwetu tuko juu, zaidi ya mita 1,700, fangasi tunasikia tu kwa majirani wa Mombasa. Shida yetu ni mikono myepesi. Kava kuukuu la ngozi ndilo bima yangu: napita nalo katikati ya jiji na kila mtu anadhani nimebeba Biblia. Kava likae. Linuke zaidi, hata. Hakuna anayeiba kitu kinachonuka pweza.

MjukuuWaUnguja:

Mnapoteza muda. Mzee Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Mji Mkongwe mwaka 1930 na picha zake watu wanazitazama mpaka leo. Sijawahi kusikia mtu ameingia pale akaulizia kava.

MtuWaWetzlar:

Picha za studio na za mtaani ni vitu viwili tofauti.

MjukuuWaUnguja:

Na picha na kava je?

MamaNegativi:

Nyie mnalia kava limenuswa. Mimi nina uchungu wangu na leo nautoa. Kuna fundi mmoja, na yeye mnamjua, nilimpa kamera aangalie kwa nini kaunta ya kuhesabu picha haisogei. Nikamwambia ndani kuna mkanda, kipaimara cha mwanangu chote kimo humo. Akasema "mkanda gani?" AKAFUNGUA MLANGO WA NYUMA. Mchana kweupe. Dirishani. Akachungulia, akasema "kweli upo," akafunga taratibu, kana kwamba taratibu inasaidia.

PwezaMkavu:

Eh! Mungu wangu.

Shangazi_wa_Tanga:

Hapana. Hapana. Hilo siwezi.

FundiGerezani:

Aliyefanya hivyo asijiite fundi. Unashika kirungu cha kurudishia mkanda pale kushoto, unazungusha kidogo kwa ule mshale. Kikikaza, mkanda upo. Kikizunguka bure, hakuna, au haukushika. Huo ni ufunguzi wa somo la kwanza kabisa.

Dada, picha za mwanzoni ulizokwishavuta zinakuwa zimejikunja kwenye roli, tabaka juu ya tabaka. Za juu zimekwenda, ila zilizojificha ndani huwa zinapona, zikiwa na wekundu pembeni. Ulisafisha?

MamaNegativi:

Nilisafisha. Tisa zilipona. Katika hizo tisa, saba ni za shemeji yangu anakula.

KambiPopote:

😂 Shemeji ndiye alikuwa tabaka la ndani.

Mwana_Zenit:

Poleni sana, lakini jamani turudi kwenye uzi. Alivuta pumzi NDEFU.

Nairobi_Mkanda:

Dada yangu hiyo inauma. Mimi waliniharibia tofauti: nilipeleka mkanda wa rangi, wakauosha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe. Harusi ya kakangu imetoka kijivu na ukungu, huoni bibi harusi anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Wa_Maskati:

Miye waliukata kati ya picha na picha. Samahani, si kati ya picha na picha: KATIKATI ya picha. Marehemu bibi yangu nusu yuko kipande hiki, nusu kile.

MjukuuWaUnguja:

Na bei ya mkanda siku hizi hakuna anayeisema? Ukibonyeza shata mara moja unasikia pesa inatoka mfukoni.

PwezaMkavu:

Ndiyo maana mimi nabonyeza bila kutia mkanda. Kusikiliza tu.

Mwana_Zenit:

Naona hakuna anayenijibu.

MtuWaWetzlar:

Mkuu, kama unaliuza hilo kava niambie. Kuna mtu ana Zenit-E tupu, anaibeba kwenye mfuko wa mkate.

Mwana_Zenit:

SIUZI. Anatafuta kava huyo ni nani?

MtuWaWetzlar:

Mnamjua. Wa kizibao.

FundiGerezani:

Kumbe! Alikuwa anakagua bidhaa.

Mwana_Zenit:

Modi, naomba nifungue uzi wa pili sasa hivi.

MamaNegativi:

Subirini kwanza. Nairobi_Mkanda, aliyekuoshea rangi kwa dawa ya nyeusi ni wa huko au ulituma Dar? Maana wangu ana duka upande wa Magomeni, ghorofani, na ukifika mlangoni anakwambia rudi Alhamisi.

Nairobi_Mkanda:

Nilituma Dar. Kwa basi. Na aliniambia Alhamisi.

Shangazi_wa_Tanga:

Ghorofani, ngazi za chuma?

MamaNegativi:

Ngazi za chuma.

Shangazi_wa_Tanga:

Ana mkanda wangu tangu Pasaka.