Mtoto mchanga alale na mama au kitanda chake? Mimi nasema tunabishania kitu sicho

Wadau naomba tulijadili hili bila kutukanana, maana kwetu limegawa ukoo mzima. Wifi yangu yuko Marekani, kajifungua wiki tatu zilizopita, akatuma picha kwenye grupu la familia, mtoto kalazwa chali kwenye kitanda chake kidogo, hakuna mto, hakuna blanketi, shuka tu. Mashangazi wakamvaa hapohapo, eti unamlaza mtoto kama maiti, hajatimiza hata arobaini, nani anamlinda?

Kwanza tumtendee haki wifi. Watu wanadhani kule mtoto anatupwa chumba cha peke yake. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo, ila sio kitanda kimoja, na alale chali.

Na mashangazi nao nawaelewa. Bibi yangu Pangani mtoto wa arobaini hamuachi peke yake hata dakika, mama akienda kuoga lazima akae mtu, asipokuwepo mtu kinawekwa kisu chini ya mto. Hicho kisu mimi sikiamini na kinanitisha kabisa, lakini mila yenyewe inachotaka ni mtoto asikose jicho la mtu mzima, hilo siwezi kulipinga.

Sasa yangu. Mwanangu wa kwanza tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa Dar, kitanda kimoja, chandarua kimoja. Nesi kliniki akaniambia "usilale na mtoto" akaita anayefuata, basi. Nimtoe nje ya chandarua aliwe na mbu apate malaria? Nikalala naye, na hakuna aliyenifundisha namna ya kulala naye. Usiku mmoja umeme ukakatika feni ikazima, nikashtuka kwa joto, namkuta mtoto lile blanketi la manyoya alilozawadiwa limempanda mpaka puani, jasho tupu, na mkono wa baba yake umemlalia kifuani. Sikulala mpaka adhana ya alfajiri. Kesho yake mume akahamia godoro la chini mwenyewe bila kuambiwa, mito ikaondoka, blanketi kabatini.

Ndio maana ile hoja ya "sote tulilala na mama zetu na tupo" siitaki kuisikia, waliolaliwa hawapo kuja kubisha. Wazee wenyewe walijua, lugha yetu ina neno kabisa, kumlalia mtoto, kwa hiyo msiseme ni woga wa kizungu. Ila pia msituambie kulala na mtoto ni ushamba au umaskini, Wajapani wengi wanalala na watoto wao na wana jina lake, wanafananisha na herufi yao ya mto wa maji, mistari mitatu, mtoto katikati.

Baba kalewa, mama anavuta sigara, mtu kasinzia na mtoto kwenye sofa, hapo sina mjadala, mtoto atolewe. Lakini mama wa chumba kimoja anayenyonyesha usiku kucha, ukimkataza tu bila kumuonyesha, atalala naye hivyohivyo, tena kwa kujificha.

Mliojifungua karibuni, nesi aliwaonyesha mtoto alale vipi, au mlikatazwa tu kama mimi? Na kina baba, nani humu alikubali kushuka chini?