Nimtayarishie nini mtoto wa mbwa?

Swali: Ndugu zangu, Jumamosi nitaletewa mtoto wa mbwa mwenye wiki 6, nami naishi Kisauni katika nyumba yenye ua wa saruji unaopigwa na jua tangu asubuhi. Nitayarishe nini?

Jibu: Dada, mwombe anayekupa amwache kwa mamake hadi atimize wiki 8, kwa kuwa siku hizo ndipo anapojifunza na nduguze kutouma kwa nguvu. Akifika, mpe chakula kilekile alichokizoea, wala usimpe maziwa ya ng'ombe, kwani huweza kumharisha.

Jibu: Naongeza kuhusu chanjo, maana wangu alikufa kwa parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha mbwa, na uchungu huo sijausahau. Huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3. Kabla ya kukamilisha, tafadhali usimtembeze barabarani.

Mwulizaji: Ahsanteni. Na joto?

Jibu: Kivuli na maji safi wakati wote. Mkague kupe kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole.