Nyumba ya Kikwajuni: kitangi cha choo

Zuhura 07:12
Assalaamu alaykum nyote. Kitangi cha choo cha chini hakijai maji tangu juzi. Ukivuta kinamwaga, kisha kimya. Bi Mkubwa anaingia na ndoo. Wageni wa Wete wanashuka na boti kesho kwa hitma, watu 14. Nataka majibu asubuhi hii.

Zuhura 08:30
Mmesoma watu 19. Naziona tiki.

Ramla 08:41
Waalaykum salaam da Zuhura. Poleni. Mie nipo kazini.

Zuhura 08:42
Sote tupo kazini Ramla.

Idi 08:44
Watu 14 choo kimoja, hiyo si hitma tena, foleni ya boti 😂

Mwanaidi 08:45
😂😂 Na biriani atalila nani

Idi 08:45
Biriani nalila mie, choo nakwenda kwangu

Zuhura 08:46
Idi, nazungumzia choo. Salum upo nyumbani?

Salum 09:02
Nipo da Zuhura. Nimefunua kifuniko. Boya limelala chini kabisa lakini maji hayaingii hata tone.

Ami Nassor (Maskati) 09:10
Salum mwanangu, boya likilala valvu huwa wazi. Kama haiingizi, ama maji hayafiki ama njia imeziba. Tizama koki ya ukutani kwanza. Watu huifunga wakipiga deki wakasahau.

Salum 09:13
Iko wazi Ami.

Ami Nassor (Maskati) 09:15
Ifunge. Fungua ule mpira unaoingia kwenye kitangi, utie ndani ya ndoo, kisha ufungue koki taratibu.

Salum 09:31
Yanatoka vizuri Ami, nimerowa mpaka kichwani

Ami Nassor (Maskati) 09:34
Basi maji yapo, ugonjwa uko kwenye valvu. Funga koki. Pale mpira ulipokuwa umeingia mna chujio dogo kama kofia. Litoe kwa plaizi.

Salum 09:47
[picha]
Mchanga mtupu

Zuhura 09:48
Mchanga umetoka wapi?

Mwanaidi 09:50
Tangi la juu lilioshwa mwezi uliopita.

Zuhura 09:50
Na nani?

Mwanaidi 09:52
Ujumbe huu umefutwa

Kassim 09:58
Semeni tu. Nimeliosha mie, peke yangu, jua la saa 7. Hakupanda mtu kunipokea hata ndoo. Leo mchanga wangu. Kama ile pampu.

Zuhura 09:59
Kassim usianze ya pampu.

Kassim 10:01
Nililipa mie, mkasema mtanirejeshea baada ya Idi. Idi ngapi zishapita?

Idi 10:02
Yakhe mie sijapita, bado nipo 😂

Mwanaidi 10:02
😂😂😂

Zuhura 10:03
Idi nyamaza leo.

Ami Nassor (Maskati) 10:11
Tangi likishaoshwa, maji ya mwanzo humwagwa kwa mfereji wa uani, ndipo vyoo vifunguliwe. Kassim hakuambiwa na mtu, na mie nilijua sikumwambia. Salum, lioshe chujio. Ukiona weupe mgumu hiyo chokaa, maji ya Unguja yanatoka kwenye miamba ya matumbawe. Ni ile ile inayoganda kwenye birika. Liroweke kwenye siki.

Salum 10:40
Nimeosha nimerudisha. Yanaingia lakini kama chozi.

Ami Nassor (Maskati) 10:42
Funga koki tena, zungusha kichwa cha valvu kitatoka. Ndani mna kipira cha duara. Kikoje?

Salum 10:51
Kimechanika pembeni

Ami Nassor (Maskati) 10:55
Nunueni valvu nzima. Na mwambieni muuzaji maji ni ya tangi la juu, hayasukumwi na pampu. Tangi letu liko kama mita 2 tu juu ya choo, maji hayana nguvu. Mkichukua ya tundu jembamba, kitangi kitajaa nusu saa.

Zuhura 10:56
Nani anapita Darajani?

Zuhura 11:30
Jamani.

Idi 12:04
Nipo Nungwi na wageni mpaka Magharibi

Ramla 12:09
Naweza kuchangia elfu 5

Zuhura 12:10
Sijaomba mchango Ramla, nataka miguu.

Bi Mkubwa 12:38
[sauti 0:41]

Salum 12:44
Kwa ambao hawawezi kufungua, Bi Mkubwa anasema: "Salum kanisomea yote. Ndoo sikuilalamikia. Lakini usiku wa jana niliteleza nayo nikaangukia mlango, sikumwambia mtu. Kassim mwanangu, siku ile ulipanda tangini una homa, nilikuona. Na pesa ya pampu ni deni. Hitma ya baba yenu msije kuisoma juu ya deni."

Zuhura 13:20
Bi Mkubwa umeumia wapi? Mbona asubuhi nimekuuliza hukunambia?

Salum 13:22
Anasema mkono tu, keshapaka mafuta. Umevimba kidogo.

Ramla 13:23
Ya Rabbi. Natoka saa 9, nampitia nimpeleke hospitali.

Kassim 13:34
Bi Mkubwa pampu nishasamehe. Nitapita Darajani mie. Salum nipigie picha ya valvu ya zamani nisikosee.

Zuhura 13:36
Usisamehe. Nusu nakupa mie leo. Mwanaidi, Idi, Ramla, nusu ni yenu. Nani anatoa ngapi?

Salum 13:40
[picha]

Idi 15:02
Bi Mkubwa nisamehe mama. Nacheka tu na wewe umeanguka.

Kassim 16:25
Nilikuta wamekwenda kuswali Alasiri, sasa wamefungua. Zipo aina mbili, ya boya la mkono na ya boya linalopanda wima. Ipi?

Zuhura 16:27
Ami Nassor?

Zuhura 16:41
Ami??

Kassim 16:44
Muuzaji anataka kufunga

Mjomba Haji 16:50
Assalaamu alaykum. Nilikuwa shamba, simu haina chaji. Kuna nini?